Saa Sita Alizozifuta Msomi

Kuna watu wakikasirika wananyamaza. Mie nikikasirika naharibu simu za watu. Wiki ile mama alipokwama topeni nilimrudishia mwalimu mmoja simu yake bila spika. Alikaa siku mbili anadhani mkewe amemnunia, kumbe mke wa watu anaongea mpaka koo linakauka. Spika nikaikuta mezani kwangu imelala kwenye kifuniko cha soda. Hasira yenyewe haijaisha, kwa hiyo nikipitiliza humu mnivumilie. Wapo waliopitiliza zaidi yangu, tena kwa adabu nzuri kabisa.

Nina meza ya kutengeneza simu Kibiti, karibu na stendi, katikati ya mama wa mihogo ya kukaanga na jamaa wa vocha. Shule niliishia kidato cha pili. Watu wakiuliza nasema niliacha shule. Ukweli ni kwamba shule ndiyo iliyoniacha, tena bila kuaga. Kwetu ni Delta, kisiwani, kule mto unapoingia baharini. Mama bado yuko huko na mdogo wangu wa kike. Mie nilitoka nikiwa na miaka kumi na saba, na kama wote tuliotoka, nikirudi nakuwa mjuaji. Siku mbili tu najua kila kitu, siku ya tatu nateleza kwenye tope watoto wanacheka.

Sasa, hasira ilianzia kwenye programu. Ni programu ya simu ya kuonyesha maji ya bahari: leo yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, ni bamvua ya maji makubwa au maji mafu yasiyopanda sana. Ikishaingia kwenye simu haitaki bando. Nayo ni ya bure. Siyo bure ya promosheni, ile ya kesho unaamka salio limeliwa. Ni bure kwa maana imeachwa wazi, kama simu niliyoifungua mezani: anayetaka anachungulia kila waya, na akiona waya umekatika anaruhusiwa kuuchomelea. Wanaoitengeneza hawalipwi na wengi hawajawahi kuonana. Mwenye programu, aliyeianzisha, ni mama mmoja wa nchi za baridi. Kwenye picha yake amevaa kofia ya sufi mpaka masikio hayaonekani.

Nilipoikuta mara ya kwanza, Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Maji kujaa waliandika "wimbi la juu". Maji kupwa, "wimbi la chini". Mama yangu ukimwambia habari ya wimbi la chini atakuuliza linapita chini ya nini. Nikasema hapa ndipo penye kazi ya mtu kama mie, ambaye cheti sina lakini tope nalijua. Nikafungua akaunti kwa jina langu kamili, kama nakwenda kuchukua kitambulisho cha taifa, nikarekebisha maneno.

Hapo ndipo nilipokutana na msomi. Jina lake silitaji, na hata ningetaka silijui vizuri, maana aliandika herufi za mbele tupu kama kampuni. Picha yake amevaa joho na ile kofia bapa ya mahafali, anatabasamu kama aliyeoa siku hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa Kiswahili humo ndani. Akaniuliza chanzo cha maneno yangu ni kipi, na Kiswahili nimekisomea wapi.

Nilitaka kumjibu nimekisomea tumboni. Nikaogopa. Nikaandika aya nzima ya kujieleza, nikajikuta naomba radhi kwa lugha niliyonyonya nayo. Marekebisho yangu yakakaa pale wiki tatu, hayakubaliwi hayakataliwi, kama mtu aliyeposa halafu ukweni hawampi jibu.

Basi nikaifunga akaunti. Mtandao wao unaruhusu mtu kuchangia bila jina. Wanakuandika "Mgeni" na namba mbele yake, basi. Nikapitia mlango huo wa wageni, nikaleta maneno yale yale, herufi kwa herufi. Safari hii yule mama wa kofia ya sufi aliyaona mwenyewe, na siku mbili tu yakakubaliwa. Nilicheka mpaka mama wa mihogo akaniuliza kama nimekula kitu. Jina langu lilikataliwa, kukosa jina kukakubaliwa. Nikasema wallahi hii ndiyo nchi yangu.

Baada ya maneno kukaa sawa, likabaki jambo la saa. Hili naomba mnisikilize vizuri, maana ndilo lililotutia matopeni.

Sisi saa tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Simu ikionyesha 7:00 asubuhi, kila mtu Kibiti anasoma saa moja bila hata kufikiri. Tumezoea, tunaigeuza kichwani kama unavyogeuza chapati. Lakini ukimwandikia mtu kwa Kiswahili safi, "Maji kujaa saa 4:30", hageuzi kitu. Anasoma saa nne na nusu. Umeshamgeuzia maneno, kwa nini ajigeuzie namba? Anaona mmeshamaliza.

Na maji, kutoka kujaa mpaka kupwa, huchukua kama saa sita na kidogo. Saa sita. Ile ile tofauti ya saa yetu na ya simu. Kwa hiyo ukikosea kuigeuza, hukosei kidogo ukachelewa au ukawahi. Unakosea kinyume kabisa. Penye maji unakuta tope, penye tope unakuta maji. Mzungu hawezi kukosea hivyo hata akijitahidi. Kosa hilo ni letu peke yetu, tumezaliwa nalo.

Kwa hiyo namba nazo zilitakiwa kugeuzwa, na namba hazikuwa kwenye maneno ya kutafsiri. Zilikuwa ndani, kwenye tumbo la programu. Nilihangaika mwezi mzima na kompyuta ya kupakata niliyoachiwa na mteja, bawaba yake imekatika, kioo nimekiegemeza kwenye chupa ya maji. Kiingereza changu kinatembea kwa magongo. Nilikuwa nasoma maelezo yao neno moja, nalitafuta, nasahau la nyuma yake. Mara ya kwanza niliandika kitu, programu yote ikasema leo ni mwaka wa kwanza tangu dunia iumbwe. Lakini mwisho nikapata: ukichagua Kiswahili, inatoa saa sita, halafu inaandika asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri inavyostahili. Mistari kumi na moja. Nikaituma kama mgeni. Mwenye programu akaijaribu, akaandika kwamba maisha yake yote hakujua kuna watu wanahesabu saa hivyo, na amefurahi. Ikaingia.

Mtandaoni sina jina, lakini Kibiti nzima ikajua. Nilimwambia mama wa mihogo, jamaa wa vocha, bodaboda wote wa kona ile, na imamu, ambaye hakuniuliza. Kila mtu wa Delta aliyekuja na simu iliyoingia maji, nilimtengenezea na programu nikamwekea juu. Zaidi ya mwaka ikawa inafanya kazi, watu wanaitumia, na mie nikawa napita mtaani nimetanua mabega kama nimeumba bahari.

Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia muda mrefu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanzo alikuwa anakosa tundu la sindano, baadaye akawa anakosa mlango. Kisha ukafika wakati nikienda nyumbani ananijua kwa kikohozi. Ndipo tukasikia madaktari wa macho wanakuja Kibiti kwa siku tatu, wanapasua bure. Siku ya kwanza nilikuwa pale kabla hawajashusha mizigo kwenye gari. Nikamwandikisha mama. Nesi akaniambia nimlete siku ya tatu, wataanza na jicho la kulia, lakini awe amefika kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu saa tisa wanafunga vitu vyao na kuondoka.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ana boti, lakini mashine yake ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia. Nikatafuta boti ya faiba kule bandarini Nyamisati, ya mnunuzi mmoja wa samaki. Nahodha wake ni kijana mzuri, mpole, amekuja huku kutoka Ziwani. Kwao maji hayaendi popote. Unayaacha jioni, asubuhi unayakuta. Alipofika Delta mara ya kwanza alifunga boti vizuri, akaenda kula, aliporudi akaikuta imekaa juu ya tope kama ng'ombe. Tangu hapo akawa hatoki bila ile programu. Aliniambia mwenyewe, "Fundi, bila kitu chako hiki mie ningeshakufa." Mnaona vichwa vinavyovimbishwa.

Alikwenda kisiwani siku moja kabla, jioni, na maji, akifuata boti za wenyeji. Mie mchana wa siku hiyo hiyo nikafungua programu. Ikaandika maji ya kesho: kujaa saa 4:30, kupwa saa 10:40. Nikapanga kama jemadari. Watoke saa moja na nusu asubuhi maji yakiwa yanapanda, saa tano wawe Nyamisati, gari liwasubiri, saa saba mchana mama yuko kwenye benchi la madaktari. Nikampigia mama kumpa ratiba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, saa nne kesho hakuna maji. Mwezi umeandama juzi. Bamvua hii, saa nne wanawake wako topeni wanatafuta kaa. Tutoke alfajiri na maji, tuwahi."

"Mama, simu inasema saa nne na nusu yamejaa," nikamwambia. "Kitu chenyewe nimekitengeneza mie."

Akahamishia simu sikio la pili. Nilisikia kuku wanalia huko kwake.

"Basi labda nimekosea hesabu," akasema. "Mwezi wenyewe mie siuoni. Naambiwa tu."

Na mie, badala ya kukaa chini nikafikiri, nikamjibu, "Ndiyo hivyo mama."

Kila nikikumbuka jibu hilo natamani kuuma meza. Mwanamke amehesabu maji miaka zaidi ya sitini bila kukosea, amelea watoto watano kwa kaa na kamba wa maji hayo hayo, halafu mwanawe wa kidato cha pili anamwambia ndiyo hivyo. Na ukiangalia kioo cha simu, yale maneno niliyoyaweka kwa mkono wangu, alfajiri, asubuhi, jioni, hayakuwepo. Zilibaki namba tupu. Niliziona. Nikafikiri wamebana nafasi.

Asubuhi, wakiwa wanapakia, mdogo wangu akapiga. "Kaka, miguu ya mikoko imelowa. Maji haya yanatoka, hayaingii."

Mikoko ikiwa imelowa juu ya maji, maana yake maji yalikuwa pale juu, yameshuka. Hilo hata mie nalijua, nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikaomba kuongea na nahodha. Nahodha akasema naye anaona kama yanashuka, lakini programu inasema yanapanda, basi yatakuwa yanapanda. Tukakubaliana, watu wawili wenye akili, mmoja hajui maji na mwingine ameyasahau. Akawasha mashine.

Saa mbili wakakwama, hata kijito chetu hawajakimaliza. Nahodha akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akasukuma, nao ukazama usirudi. Akashuka mwenyewe kusukuma, akazama mpaka mapajani; wakamvuta kwa kamba, kiatu kimoja kikabaki huko mpaka leo. Maji yakaendelea kuondoka kwa raha zao. Mdogo wangu akawa ameshika kanga juu ya kichwa cha mama kumkinga jua, mkono ukichoka anabadilisha. Kumbeba kumrudisha nyumbani haikuwezekana kwenye tope lile, na yeye mwenyewe hakutaka. Alisema akirudi nyumbani ndiyo basi.

Ilipofika saa nne wanawake wa kijijini wakapita na vikapu vyao, wanatafuta kaa. Saa nne, mnasikia? Pale pale aliposema mama. Mmoja akamwita nahodha, "We baba, kaa unawavua kwa mashine siku hizi?" Wenzake wakacheka. Mwingine, mtani wa mama tangu usichana wao, akamuuliza, "Mwenzetu, na wewe unangoja nini humo ndani kama bibi harusi?"

Mama akamjibu, "Tunangoja simu ijae."

Mdogo wangu alinisimulia hilo baadaye, na alicheka akisimulia, na mie nilicheka. Kisha nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya jirani.

Mie wakati huo nilikuwa kwa madaktari, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, macho yangu mazima kama ya kunguru, nimeshika karatasi ya namba ya mama. Nesi akiita namba yetu nasimama namwambia yuko njiani. Wazee wanaingia wameongozwa kwa fimbo, wanatoka wamezibwa jicho moja kwa pamba nyeupe, ndugu zao wanawashika mikono wanatabasamu. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha. Fundi simu, nikaazima simu. Saa saba na nusu mdogo wangu akasema boti imeanza kuelea. Nikapiga hesabu. Saa tatu za maji, saa moja na nusu za barabara. Hata ningekuwa sijaacha shule jibu lisingebadilika.

Saa tisa wakaanza kufunga masanduku. Nilimfuata daktari mpaka mlango wa gari. Nikamweleza habari ya tope, ya bamvua, ya kijito. Alinisikiliza vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, angenifukuza ningepata wa kugombana naye. Akasema wanasubiriwa kwingine kesho asubuhi, vifaa vimefungwa, hana la kufanya, akaniandikia barua ya hospitali kubwa Dar. Gari likaondoka. Nikabaki na karatasi ya namba.

Mama aliingia Kibiti jua linazama, nyuma ya gari la samaki, tope limemkaukia mpaka magotini. Hakunilaumu. Aliomba maji ya kutawadha, maana alasiri ilikuwa imempita, akaswali amekaa. Mie nikaiwasha simu yangu iliyokwishapata chaji, nikafungua programu, nikaweka saa ya simu pembeni yake, nikaangalia moja, nikaangalia nyingine. Zilikuwa ni saa za simu zile. Hazikugeuzwa.

Nikaingia kwenye mtandao wao. Humo kila badiliko limeandikwa, nani, lini, na sababu. Mistari yangu kumi na moja ilikuwa imefutwa, na siku moja tu kabla ya safari simu zikawa zimejiapdeti. Aliyefuta ni msomi. Sababu aliandika hivi: "Kosa la saa sita limerekebishwa. Mchango wa mgeni asiyejulikana."

Kosa. Aliita kosa. Mtu anaitwa bingwa wa Kiswahili, akiamka asubuhi mkewe anamwambia saa moja imefika, yeye anajibu ndiyo, halafu anakaa kwenye kompyuta anavua ile asubuhi yake kama koti na kuitundika mlangoni. Mgeni asiyejua Kiswahili angefuta nisingemlaumu. Huyu alijua. Aliona haya tu. Aliona saa ya bibi yake haifai kuonekana mbele za watu.

Nikaandika. Kama mgeni, kwa herufi kubwa zote, bila nukta wala mkato, maneno mengine nimeyasahau na mengine nayakumbuka siwezi kuyarudia. Msomi akajibu kwa utulivu wa mtu aliyekaa kwenye feni, kwamba programu inafuata kanuni za kimataifa na kwamba wageni wajifunze lugha ya staha. Ndipo mwenye programu akaingia. Hakunikaripia. Alisema kabla ya kufuta waliuliza. Waliandika swali chini ya mistari ile, wakasubiri wiki mbili aliyeiandika ajitokeze aeleze. Hakujitokeza mtu. Mgeni hana anwani. Swali likiulizwa halimfikii. Akasema, "Hatukujua tumuulize nani."

Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Hakuna hasira mbaya kama ile ambayo uliyemkasirikia ana kipande cha haki mkononi. Nilijificha kwa sababu ya msomi, ni kweli. Lakini nilinogewa. Nilipenda kuwa mtu mkubwa kona ya mihogo na kuwa hewa kule ambako mtu anaulizwa maswali. Kibiti nzima ilijua ni mie, isipokuwa wale watu wachache waliohitaji kujua.

Lakini kipande kilichobaki cha haki nilikuwa nacho mie, na sikukiachia. Kama aliyeandika hayupo, wanaotumia wapo. Wangemuuliza mtu yeyote mwenye tope miguuni: ukisoma saa 4:30 hapa unaelewa nini? Angewajibu kabla hawajafunga mdomo. Wao waliuliza karatasi, karatasi isipojibu wakafuta.

Nikafungua akaunti tena, jina langu kamili, picha yangu nimekaa mezani na bisibisi. Nikaandika yote kama nilivyoandika hapa, kwa Kiswahili, magongo nikayatupa. Anayetaka Kiingereza atafute mwenyewe. Nikaandika kuhusu kijito, kanga, saa tisa na barua ya Dar. Nikaandika na lile jibu langu kwa mama, ndiyo hivyo, ingawa hakuna aliyeniuliza. Chini yake nikaweka mistari yangu kumi na moja.

Siku ya pili ikarudishwa. Mwenye programu akaongeza onyo ndani kabisa, kwamba saa hizi siyo kosa na asiziguse mtu bila kuuliza, na akaweka jina langu. Akaomba samahani. Msomi naye akaandika samahani, ndefu, ina aya nne, katikati kuna kanuni za kimataifa tena lakini zimepungua nguvu.

Mama alikuwa kwangu bado, tunasubiri tarehe ya hospitali. Kutwa anakaa kwenye mkeka nyuma ya meza yangu, anazijua sauti za bodaboda wote sasa. Akaniomba nimsomee walichojibu. Nikamsomea, nikageuza palipohitaji kugeuzwa. Aliposikia samahani akaniinamia.

"Samahani hiyo wamekuambia wewe au wameniambia mie?"

Nikaangalia. Walikuwa wameniambia mie. Wote wawili.

Nikawaandikia swali lake lilivyo, sikuongeza neno. Mwenye programu akatuma ujumbe kwa mama, kwa jina la "mama mpendwa", nikamsomea. Msomi alichukua siku tatu. Ya nne akatuma sauti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya kijana, haikuvaa joho. Akamwamkia, shikamoo mama, akasema yeye ndiye aliyefuta, hakufikiri kuna mtu ndani ya boti, anaomba radhi. Nyuma yake alisikika mtu anamuuliza anaongea na nani.

Mama akaomba nirudie. Nikairudia.

"Mwambie marahaba," akasema. "Mwambie nimesikia."

"Umemsamehe?"

"Nimesema nimesikia."

Nikatuma hivyo hivyo. Kisha nikabaki nimeshika simu ya mteja, nimeifungua, sikumbuki hata ilikuwa inaumwa nini. Nikamuuliza, "Na mie je, mama?"

Alikuwa amegeuza uso upande wangu, ila kidogo pembeni, alipodhani nimekaa.

"Wewe ngoja kwanza nikuone," akasema. Na tarehe ya hospitali hawajatupa.